Kuyajua Maradhi ya Kifua ya Farasi wa Mashindano

Watu wanaokwenda kutazama mbio za farasi, kama zile za uwanja wa Ngong mjini Nairobi uliofunguliwa mwaka 1954, hutazama sana miguu. Lakini nguvu ya miguu hiyo hutoka mapafuni. Farasi havuti pumzi kwa kinywa. Hewa yake yote hupita puani. Akiwa ametulia huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika. Akienda shoti huzidi mara 120, pumzi moja kwa kila mruko. Kwa hiyo ugonjwa mdogo wa kifua, usioonekana bandani, hutosha kumnyima ushindi.

Maswali na Masikio

Daktari wa mifugo huanza kwa kumwuliza saisi. Je, farasi ameacha chakula? Hukohoa anapolishwa au anapoanza kukimbia? Huchukua muda mrefu kurudiwa na pumzi? Kisha hupima joto, ambalo kwa farasi mzima ni digrii 37.5 hadi 38.5, na kushika tezi zilizo chini ya taya. Ili asikie vizuri sauti za mapafu, huifunika pua kwa mfuko kwa muda mfupi, farasi apate kuvuta pumzi kwa nguvu.

Kutazama Ndani

Hata hivyo, sikio halitoshi, maana farasi wengi wenye uvimbe wa njia za hewa hawana homa wala kikohozi. Ndipo bomba jembamba lenye taa na kamera hupitishwa puani. Huonyesha kama upande mmoja wa koromeo umepooza, jambo linalomfanya farasi avume akikimbia. Huonyesha pia makamasi, au damu iliyotoka mapafuni kwa ukali wa mbio. Damu hiyo mara nyingi haifiki puani, kwa hiyo hutafutwa nusu saa hadi saa moja na nusu baada ya mbio. Pengine maji ya chumvi hutiwa mapafuni na kuvutwa tena, na chembe zake kuhesabiwa kwa hadubini.

Faida Yake

Kila ugonjwa una njia yake. Aliyeumizwa na vumbi hahitaji sindano za kuua vijidudu. Huhitaji majani makavu yaliyoloweshwa na banda lenye hewa safi. Mwenye mafua ya farasi hutengwa upesi. Mwezi wa Februari 2019, mbio zote za Uingereza zilisimamishwa siku 6 kwa sababu mafua hayo yalionekana hata kwa farasi waliochanjwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Farasi hafichi kwa kupenda, hana kauli. Kauli yake ni saisi anayehesabu pumzi zake kila asubuhi, akatoa habari ya kikohozi cha kwanza bila kungoja cha pili.