Vipeo na Maji ya Ndiva

Huko Vudee, kwenye milima ya Upare wilayani Same, maji ya usiku hayaachwi yapotee bondeni. Wakulima huyakinga kwenye ndiva, mabwawa madogo ya jadi ya Wapare, na kukipambazuka huyafungulia yashuke mferejini kumwagilia mashamba kwa zamu.

Kupima maji hayo kunarahisishwa na sheria za vipeo, zile namba ndogo zinazoandikwa juu kama 2 katika 10², mada ambayo wanafunzi wa Tanzania huikuta sekondari. Tuchukulie ndiva ina urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha mita 2. Inabeba mita za ujazo 400, yaani 4 × 10². Kila mita ya ujazo ni lita 1,000, au 10³. Ili kupata lita tunazidisha: 10² ni kumi mbili zilizozidishwa pamoja, 10³ ni kumi tatu, jumla kumi tano. Jibu ni 4 × 10⁵, lita 400,000. Kwa hiyo, namba za chini, yaani misingi, zikifanana, kuzidisha ni kujumlisha vipeo.

Kugawanya ni kutoa. Maji hayo yakigawiwa mashamba 100, kila shamba linapata 4 × 10³, lita 4,000.

Wengi huteleza kwenye kujumlisha. Huandika 2³ + 2⁴ = 2⁷, ilhali 8 na 16 ni 24, na 2⁷ ni 128. Sheria ile ni ya kuzidisha tu.

Kipeo sifuri nacho huwatatiza. Lakini shuka ngazi taratibu: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila hatua unagawanya kwa 2, hivyo 2⁰ ni 1, na 2⁻¹ ni nusu.

Sheria hizo za vipeo ndizo zinazofanya majedwali ya logi yafanye kazi. John Napier wa Uskoti alichapisha logi zake mwaka 1614, kisha Henry Briggs akaziweka kwenye msingi wa kumi: logi ya 100, yaani 10², ni 2, na ya 1,000, yaani 10³, ni 3.

Majedwali hayo bado yana kazi. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne, kikokotoo hakiruhusiwi. Na humo mtihanini, aliyesahau sheria ya vipeo anaweza kuandika 2 × 2 × 2 pembeni, akahesabu, akaipata upya.