Si Kila Tumbo ni Chango

Katika miji yetu ya pwani, mwanamke akishika tumbo chini ya kitovu na kukunja uso, huwa hajamaliza kueleza anachokihisi ila majirani wamekwisha kuyapa maradhi yake jina, nalo ni chango. Na jina hilo likishatajwa, mizizi huchemshwa, kikombe huletwa, na shauri likawa limekwisha. Sina nia ya kuwadharau mabibi zetu wenye ilimu ya majani, maana katika mengi wametufaa; walakini chango ni neno pana mno, lenye kufunika maumivu ya hedhi, na minyoo, na mkojo wenye kuchoma, na hata huzuni ya mke asiyezaa, na chini ya kifuniko hicho kimoja hujificha maradhi yasiyotaka kungojewa, ambayo zahanatini huitwa kwa herufi tatu, PID, yaani uambukizo wa viungo vya uzazi vya ndani.

Ili tufahamu yanavyoingia, yafaa kwanza kuijua nyumba yenyewe. Mlango wa kizazi, ambao siku nyingi za mwezi huzibwa na ute mzito, ndio bawabu wake. Ndani mna mji wa mimba, na kutoka pembe zake mbili za juu huchomoza mirija miwili, kila mmoja urefu wake takriban nusu shibiri, na njia yake ya ndani, penye wembamba zaidi, haipiti unene wa uzi. Kuta za njia hiyo zimeota vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vyenye kuyumba pamoja kama mwani katika mkondo wa maji, na kuyumba huko ndiko kunakolichukua yai polepole hadi kwenye mji wa mimba.

Waharibifu wa mahali hapa aghalabu ni vijidudu vya kisonono na vya klamidia, ambavyo huhama kwa jimai. Lakini si hivyo pekee, kwani hata vile vinavyoishi ukeni bila ya kumdhuru mtu vyaweza kupanda juu bawabu anapoghafilika, kama baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika. Mwili hupigana navyo, pakawa na uvimbe na usaha. Na vita vikiisha, hata ikiwa mwili umeshinda, kuta za mrija huenda zimegandana na vinyweleo vimekufa. Yai lisipopata njia, hakuna mimba. Na mrija ukiwa umeziba nusu, mbegu za mume, kwa udogo wake, hupenya zikalikuta yai, kisha yai likakwama hapo hapo, na mimba ikatunga katika mrija usioumbwa kuibeba, hata siku moja ukapasuka, damu ikamwagikia tumboni, na mwanamke asipowahishwa kupasuliwa akafa.

Dalili za maradhi haya ni maumivu chini ya kitovu, mara nyingi pande zote mbili, na uchafu usio wa kawaida, na pengine wenye harufu, na homa, na maumivu au damu wakati wa jimai. Wengine huumwa chini ya mbavu za kulia, wakadhani ni ini, na kwa hakika hawakukosea sana, maana uambukizo umekwisha kufika kwenye ngozi inayolifunika. Lililo zito zaidi ni kwamba klamidia, kwa wanawake walio wengi, haina dalili yoyote, na mtu huijua siku anapotafuta mtoto asimpate.

Tabibu, baada ya kuhakikisha kuwa hakuna mimba, hutia vidole viwili ukeni na mkono wa pili akauweka juu ya tumbo, kisha akausogeza mlango wa kizazi kidogo tu. Na ikiwa ni maradhi haya, mgonjwa aweza kuruka kitandani kana kwamba anataka kuidaka taa ya darini. Hapo tabibu haitakiwi angoje majibu ya maabara ndipo aanze dawa, kwa kuwa hata majibu yakija safi hayatoshi kuyakanusha maradhi. Hutoa sindano, na vidonge vya kumezwa kwa siku 14, na hapa ndipo wengi wanapojiponza, kwani siku ya tatu maumivu hupoa, na vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini.

Dawa huua vijidudu, lakini kovu hailiondoi. Huko Lund, Sweden, tabibu Lars Weström na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 1,800 ambao maradhi yao yalithibitishwa kwa kuchungulia ndani ya tumbo, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 1992 yatosha kumwondolea mtu usingizi: katika kila 100 waliougua mara moja, 8 walikosa uzazi kwa mirija kuharibika, waliougua mara mbili, karibu 20, na mara tatu au zaidi, 40. Lesley Brown wa Uingereza, ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, alijaliwa mwaka 1978 kumzaa Louise, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mamake. Lakini gharama ya njia hiyo hata leo haiko katika uwezo wa jamaa wengi wa kwetu, ilhali sindano ya siku ya kwanza wengi wanaimudu.

Limebaki la mume. Tabibu humwandikia mgonjwa karatasi ya kumwita mwenziwe, na kila aliyelala naye katika siku 60 zilizopita, waje watibiwe hata kama hawaumwi. Na mwanamke, akiogopa kuulizwa ameyatoa wapi, huikunja karatasi ile mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, ikaishia huko pindoni. Baada ya mwezi yuko tena kwenye benchi la zahanati, na safari hii anahesabiwa mara ya pili. Basi wewe mume, ukipewa karatasi hiyo, usianze kuuliza nani alianza, maana vijidudu hivi vyaweza kukaa mwilini kwa miezi bila ya kujionyesha, na jawabu hutalipata. Vaa kanzu yako, mfuate mkeo zahanatini, na mpaka nyote wawili mmemaliza dawa, msikutane.