Beringi za Gurudumu la Pikipiki Zisingojwe Mpaka Zivunjike

Katika nchi za Uganda na Kenya, nyumba zisizo chache hula, huvaa na hulipa karo kwa fedha ya pikipiki. Kazi ya kuchukua abiria iitwayo boda boda ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960 huko Busia, mji ulio mpakani mwa nchi hizo mbili, na jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutoka mpaka hadi mpaka. Baadaye baiskeli ziliziachia pikipiki nafasi, nazo leo huchukua abiria wawili au watatu, mikungu ya ndizi, magunia ya makaa na hata vitanda. Uzito wote huo hushukia pete chache za chuma zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, ambazo mwenye chombo aghalabu hazikumbuki hata siku ya kubadili oili.

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yake zimepangwa gololi zilizopakwa grisi. Pete ya nje hubana katika kitovu na kuzunguka pamoja na gurudumu. Ya ndani hushikwa na ekseli, nayo hutulia. Gurudumu la mbele huwa na beringi mbili. La nyuma, katika pikipiki nyingi, huwa na tatu, kwa kuwa sproketi ya mnyororo nayo ina yake. Adui mkubwa wa beringi ni maji. Yakipenya kwenye sili, grisi huharibika, kutu huingia, na gololi husaga chuma juu ya chuma. Basi mwoshaji anayeelekeza mpira wa maji ya nguvu kwenye kitovu hafanyi usafi, anaandaa gharama.

Dalili hazijifichi. Pikipiki isimamishwe juu ya stendi, gurudumu liinuke, kisha tairi lishikwe kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, litikiswe. Likicheza na kugonga, beringi zimekwisha. Lakini fundi atazame vema mchezo huo unatoka wapi, maana bushi zilizochakaa za mkono wa nyuma nazo hutikisika karibu vivyo hivyo. Gurudumu likizungushwa na kunguruma kama jiwe la kusagia, hapana haja ya ushahidi mwingine.

Dereva aliyekodishiwa pikipiki, ambaye kila jioni hana budi kumpelekea mwenye mali hesabu yake, huona heri kusogeza matengenezo hadi juma lijalo. Tabu yake yafahamika. Hata hivyo, beringi ikipasuka njiani gurudumu huinama, mnyororo huweza kuruka na kulifunga gurudumu la nyuma, na anayetupwa barabarani ni pamoja na abiria asiyejua lolote.

Dukani isitajwe aina ya pikipiki tu; isomwe namba iliyochongwa kwenye beringi kuukuu. Namba 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 35 na unene milimita 11. Tarakimu mbili za mwisho zinaonyesha tundu: 01 ni milimita 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Herufi 2RS zina maana kwamba kuna sili za mpira pande zote mbili, nazo zafaa zaidi kwa barabara za vumbi na tope. Zinunuliwe zote za gurudumu hilo kwa pamoja, na sili mpya za kitovu.

Kufungua si kazi ngumu. Nati ya ekseli ilegezwe gurudumu lingali chini. Vipande vinavyotoka vipangwe juu ya gazeti kwa utaratibu wake. Ndani ya kitovu, kati ya beringi mbili, mna bomba fupi la chuma. Lisukumwe kando kidogo ili ncha ya tindo butu ipate kushika pete ya ndani ya beringi ya upande wa pili, kisha igongwe kwa zamu huku na huku mpaka itoke. Kama kuna klipu ya kuizuia, itolewe kwanza. Beringi iliyotolewa kwa nyundo namna hiyo isirudishwe, hata ikionekana nzima.

Kufunga ndiko kunakoharibu kazi za mafundi wengi. Beringi mpya igongwe kwenye pete ya nje peke yake, kwa soketi yenye upana unaolingana nayo. Akigonga pete ya ndani, pigo hupita katika gololi na kuacha vishimo, na beringi huanza kufa kabla haijatembea hata kilomita moja. Ikilazwa usiku mmoja ndani ya friza, imefungwa vizuri katika mfuko, na kitovu kikapashwa kwa vitambaa vya maji moto na kukaushwa, huingia kwa upole zaidi. Mama wa nyumba aarifiwe tu, asije akaitupa.

Beringi ya kwanza ishuke hadi mwisho. Mlio wa nyundo hubadilika ikifika. Kisha lirudishwe lile bomba. Likisahauliwa, nati ya ekseli hukandamiza pete za ndani dhidi ya gololi, na kazi yote huharibika kwa muda mfupi. Beringi ya pili iishie pale inapoligusa bomba. Beringi ikitumbukia kwa kusukumwa na kidole tu, kitovu chenyewe kimelika. Wako mafundi wanaojaza kipande cha bati, na hiyo ni hila ya kufikia nyumbani, si matengenezo.

Ekseli ibingirishwe juu ya kioo kuona kama imepinda, ipakwe grisi, irudishwe, na kipini cha nati kiwe kipya. Mnyororo unyoshwe, breki ijaribiwe. Safari ya kwanza dereva aende peke yake kilomita chache, asimame, aguse vitovu kwa kiganja. Uvuguvugu wa breki ni wa kawaida. Joto la kuunguza si la kawaida, hata kidogo. Kesho yake nati ikaguliwe tena kabla abiria wa kwanza hajapanda.