Damu Hukopa kwa Mfupa: Kalsiamu, Vitamini D na Vidonge

Mwalimu wa sayansi aweza kulianza somo hili kwa mfupa wa paja la kuku. Mfupa usafishwe nyama yote, utiwe katika chupa yenye siki, nayo siki ibadilishwe kila baada ya siku mbili. Baada ya juma moja hivi utaweza kuupinda kwa vidole bila kuuvunja. Kilichoondoka ni madini ya chokaa, yaani chumvi za kalsiamu. Kilichobaki ni protini tu. Mtoto mwenye matege yanayotokana na lishe ana mifupa inayokaribia hali hiyo: inarefuka, lakini haikazwi na madini ya kutosha, nayo miguu hupinda chini ya uzito wa mwili.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja. Kadiri ya asilimia 99 imo katika mifupa na meno. Kile kidogo kilichosalia ndicho kinacholindwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu bila hicho moyo haupigi sawasawa, misuli hukakamaa na damu haigandi mtu ajikatapo. Katika mililita 100 za majimaji ya damu mna kalsiamu miligramu 8.5 hadi 10.5, na mwili haukubali kiasi hicho kishuke wala kipande sana.

Walinzi wa kiwango hicho ni tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, zilizojificha nyuma ya tezi kubwa ya shingoni. Kalsiamu ikipungua kidogo katika damu, tezi hizo hutoa homoni iitwayo paratiroidi. Homoni hiyo huziamuru figo zisiipoteze kalsiamu katika mkojo. Huziamuru pia ziikamilishe vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Na jambo ambalo aghalabu husahauliwa, huufanya mfupa utoe sehemu ya akiba yake. Damu basi hukopa kwa mfupa. Mkopo huo ukilipwa kwa chakula cha kesho, hapana dhara. Usipolipwa miezi na miaka, mfupa hudhoofika huku kipimo cha damu kikisoma vema kabisa. Kwa hiyo mzazi asitulie moyo kwa kuambiwa tu kwamba kalsiamu ya damu ya mwanawe ni ya kawaida.

Vitamini D yenyewe hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, kisha hubadilishwa katika ini na kukamilishwa katika figo. Kazi yake kubwa ni kuufungua mlango wa utumbo. Pasipo vitamini hii utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyoliwa. Ikiwapo, kiasi hicho hufika asilimia 30 au 40. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni Ulaya, alishauriwa kumeza vitamini D wakati wote wa baridi, ushauri uliokuwa wa haki, maana jua la huko lilikuwa pambo tu. Kosa ni kuuchukua ushauri ule na kuuleta nyumbani kama ulivyo. Mlango uliofunguliwa hauna faida ikiwa hakuna anayepita.

Hayo yalidhihirika katika mji wa Jos, Nigeria. Watafiti waliwatibu watoto 123 wenye matege, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Watoto hao walikuwa wakipata kalsiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku katika chakula chao. Kundi moja lilidungwa sindano za vitamini D, la pili likapewa kalsiamu miligramu 1,000 kila siku, la tatu likapewa vyote viwili. Baada ya majuma 24, kwa kipimo cha damu na picha za eksirei, waliopona au kukaribia kupona walikuwa asilimia 19 katika kundi la vitamini D peke yake, asilimia 61 katika kundi la kalsiamu, na asilimia 58 katika lile la vyote viwili. Kilichopungua zaidi kilikuwa chokaa ya chakula.

Chakula chetu cha nafaka kina tatizo la namna hiyo hiyo. Mahindi yana kalsiamu kidogo sana, na pumba zake zina fitati, kemikali inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Kuuchachusha uji hupunguza fitati hizo, jambo ambalo bibi zetu walilitenda kwa ajili ya ladha. Mchicha nao una kalsiamu nyingi, lakini umefungwa na oksaleti, hivyo sehemu kubwa hupita tu. Sukuma wiki ni afadhali. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni hazina, na bilauri ya maziwa ya mililita 250 ina miligramu 300 hivi. Kijana wa sekondari, ambaye mifupa yake inakua kwa kasi, anashauriwa apate 1,300 kwa siku. Asomaye katika shule ya bweni na ajumlishe mwenyewe ugali na maharage ya juma zima.

Vidonge vina mahali pake, ila visomwe vizuri. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi miligramu 500 tu; humezwa pamoja na chakula, wala si viwili kwa mara moja, kwa sababu utumbo hauwezi kufyonza vizuri kiasi kikubwa kwa mpigo. Vitamini D haitoki upesi mwilini, kwani huhifadhiwa katika mafuta. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1950, baadhi ya watoto wachanga walipatwa na kalsiamu nyingi mno katika damu wakati maziwa na vyakula vyao vilipokuwa vikitiwa vitamini D kwa wingi, na kiasi hicho kikapunguzwa mwaka 1957. Dalili zake ni kiu, kutapika na choo kigumu, na baadaye kuharibika kwa figo. Aliyewahi kuugua mawe ya figo asianze vidonge hivi kabla ya kumwona daktari.