Kiazi cha Kijani na Muhogo wa Michirizi

Muhogo ukivunjwa gengeni ukaonyesha michirizi ya buluu au nyeusi, mteja huurudisha kwenye fungu. Kisha huyohuyo hupimiwa viazi mviringo vilivyogeuka kijani kwa kukaa juani, akavibeba bila wasiwasi. Amekataa kisicho na madhara, amenunua chenye sumu.

Muhogo huanza kuharibika siku moja hadi tatu baada ya kung'olewa. Hewa hupenya kwenye jeraha la jembe, kemikali za mzizi wenyewe hukutana na oksijeni, na mishipa yake hubadilika rangi. Si ukungu. Ladha hupungua na muhogo hukawia kuiva, lakini ukikata sehemu hiyo, iliyobaki inalika. Mabaka makavu ya kahawia ni jambo jingine: ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Usambara. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe na havimwambukizi mtu. Mwenye hasara hapo ni mkulima. Muhogo wenye ukungu wa manyoya au harufu ya kuoza, huo sasa tupa.

Sumu kali ya muhogo haina rangi. Ni sainaidi, inayotoka pale mzizi unapokatwa au kutafunwa, na muhogo mchungu wenye sumu hiyo unaweza kuwa mweupe pe. Wanaokula makopa na udaga wanajua kwa nini muhogo huo hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime, hatua hizo zilifupishwa kwa sababu ya njaa, na watu wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona.

Turudi kwenye kiazi. Ukijani wenyewe ni klorofili, ileile ya mchicha, na haumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba mwanga unaoleta klorofili huchochea pia sumu iitwayo solanini, ambayo hujazana chini ya ganda na kwenye machipukizi. Kuchemsha hakuiondoi, na mafuta ya chipsi hayaimalizi. Mwaka 1969 wanafunzi 78 wa shule moja jijini London waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki tangu muhula uliotangulia. 17 walilazwa hospitali. Wote walipona. Ukijani mwepesi unamenywa pamoja na nyama nene ya chini yake, na macho yanachimbwa yote. Kiazi ambacho ukijani umeingia ndani, au kilicho kichungu au kinachowasha koo, hakina dawa jikoni. Mfanyabiashara naye avifunike viazi vyake; gunia halina gharama.

Kiazi kitamu ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kikitobolewa na fukusi au kikishambuliwa na kuvu, hujihami kwa kutengeneza kemikali chungu zisizoisha kwa kupikwa, na uchungu huo huenea hata kwenye nyama inayoonekana nzima. Kukwangua shimo tu hakutoshi: kata kwa mapana, uonje, na kikiwa kichungu kiache. Wala usikimwage zizini, maana ng'ombe waliolishwa viazi vitamu vyenye kuvu wamekufa kwa kuharibika mapafu.