Mindu Haihitaji Bunduki, Mwanzi Unatosha

Vijana wa Morogoro wanaotazama video za wapiga mbizi huulizia bunduki nyepesi ya kuvulia, ile inayofyatua mshale kwa mpira. Ushauri wangu ni kuachana nayo. Kanuni za uvuvi Tanzania zinaihesabu kuwa zana haramu. Kenya nayo iliipiga marufuku mwaka 2001, maana mvuvi akikosa shabaha mshale huishia kwenye matumbawe. Isitoshe, bunduki inamtaka mvuvi amwone samaki. Bwawa lao la Mindu hupokea maji ya mito inayoshuka milima ya Uluguru, na masika yakikolea mito hiyo hubeba udongo wa mashamba ya milimani. Ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole huvioni.

Hata huo wepesi una gharama yake. Mshale wa chuma unapotoka, bunduki husukumwa nyuma. Ikiwa nyepesi mno, mdomo wake huinuka na shabaha hupotea.

Anayetaka wepesi wa kweli achague ufito wa mwanzi uliokomaa, uliokaushwa kivulini, wa mita 3 hivi. Mwanzi mbichi ni mzito, na ukishapinda haunyooki tena. Ushike shinani kwa mkono mmoja kisha uutikise: itikisike ncha, si katikati. Ukiona mkono unachoka kabla hujafunga mshipi, kata shina kidogo au tafuta mwingine.

Kwa perege, mshipi wa nailoni wa milimita 0.25 unatosha. Penye ndoana ndipo wengi wanapokosea. Perege ana mdomo mdogo, kwa hiyo tumia namba 8 au 10. Ndoana kubwa huliwa chambo ikabaki tupu. Chelezo nacho kiwe kidogo: kipande cha kandambili kuukuu, kilichokatwa kiasi cha kuelea tu. Perege haburuti mara moja. Chelezo hutetemeka, huenda kando, ndipo huzama. Vuta kinapoanza kwenda kando, kwa mkunjo wa kifundo cha mkono, bila nguvu.

Kambale ni habari nyingine. Huwinda usiku kwa harufu na sharubu, na akiwa mkubwa huvunja mwanzi. Huyo mtegee utumbo wa kuku kwa mshipi mnene wa mkono.

Yeyote unayemfuata, simama ukingoni pakavu. Konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani, hapohapo ambapo mpiga mbizi angeanzia kuingia.