Utangulizi: Mafuta Yaliyomo Kwenye Unywele

Ukiuliza nywele zimeumbwa na nini, utajibiwa upesi kwamba ni protini iitwayo keratini. Ni kweli, ila jibu hilo limetufanya tuyasahau mafuta. Kwa uzito ni kidogo, chini ya asilimia 10, lakini ndiyo yanayoamua kama chanuo litateleza au litakwama, na maji yakigusa nywele yafanye nini. Karibu, msomaji, kwenye taaluma inayoyachunguza.

Unywele umevikwa magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Juu kabisa ya magamba hayo kuna tabaka la asidi ya mafuta yenye atomi 21 za kaboni, iitwayo asidi ya metili-eikosanoiki. Haikupakwa pale: imefungwa kwenye protini kwa kifungo cha kikemia kinachopitia salfa. Ndiyo inayozifanya nywele changa ziteleze na kuyakataa maji.

Dawa kali za kunyoosha nywele, na zile za kuziondolea rangi, hukata kifungo hicho. Nalisisitiza hili, kwa sababu kina dada wengi huuziwa mafuta kwa ahadi ya kuziponya nywele zilizoungua. Unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi hauna uhai wa kujiponya. Mafuta ya kupaka huulainisha na kuukinga; hayafungi upya kilichokatika.

Kukinga kwenyewe, hata hivyo, mafuta yanazidiana. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea nywele zinapooshwa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo mfupi ulionyooka wa kaboni 12, unaopenya hadi ndani ya unywele. Mafuta yanayopikwa kwa tui huko Pemba na Mafia yanastahili kabisa nafasi yake maabara.

Mzizini, ambako unywele ungali hai, kinachohesabika ni chakula. Mwaka 1929 George na Mildred Burr walionyesha kwamba panya walionyimwa mafuta kabisa waliugua ngozi. Miaka mingi baadaye, wagonjwa waliolishwa kwa mishipa bila mafuta walinyonyoka nywele. Walikosa asidi ya linoleiki, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Iko tele kwenye alizeti, ufuta na karanga, na anayekula vyakula hivyo mara kwa mara sioni sababu ya kumshauri anunue vidonge.